Mti mdogo wenye rangi: namna ya kuchagua wa kupanda kwa parsele

Kwa telefone, watu mingi wa Kivu wanaona picha za miti ya Ulaya na Kanada yenye majani mekundu na ya njano, na wengine wanauliza kama mti wa namna ile unaweza kuota kwa parsele yao. Mti ule wenyewe, ni vigumu. Lakini rangi, hata huku iko. Ila jambo la kwanza la kuangalia si rangi, ni urefu ambao mti utafikia ukikomaa. Mche unaobebwa leo kwa mkono mmoja unaweza kuwa mti wa mita 20, na kwa parsele ndogo hauna pa kwenda isipokuwa juu ya mabati yako ao ya jirani.

Kwa nini majani yanageuka rangi

Jani ni la kijani kwa sababu ya kitu ambacho mti unatumia kwa kutengeneza chakula chake kwa nguvu ya jua. Kule Ulaya na Kanada, kuanzia mwezi wa 9, mchana unafupika na baridi inaanza. Mti unaacha kutengeneza ile kijani. Rangi ya njano iliyokuwa imejificha inaonekana, na miti ingine inatengeneza wekundu mpya. Kisha majani yanaanguka. Ule mti ambao jani lake liko kwa bendera ya Kanada unahitaji baridi hiyo kila mwaka ili upumzike. Goma na Bukavu ziko karibu na ikweta: mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Huku kwetu kinachoangusha majani ni kiangazi, tangu mwezi wa 6 mpaka wa 8.

Miti ya kuchagua

Umuko, kama unavyoitwa kwa Kinyarwanda, ni mti wa Afrika. Wakati wa kiangazi unaangusha majani, na matawi matupu yanabeba maua mekundu kama moto. Mara mingi haupiti mita 12, na unaweza kukatwa ubaki mfupi. Unaota hata kwa kuchomeka tawi. Lakini uko na miiba, na mbegu zake nyekundu ziko na sumu: penye watoto wadogo, lazima ziokotwe.

Poinsetia imetoka Meksiko na inafika mita 3 ao 4. Kile watu wanaita maua mekundu ni majani. Maua yenyewe ni yale madogo ya njano katikati. Maziwa yake yanawasha ngozi na macho. Inataka usiku wa giza: taa ikiwaka usiku kucha karibu yake, wekundu unachelewa.

Akalifa iko na majani ya rangi ya shaba mwaka mzima, haiombi kiangazi. Inapandwa kwa vijiti, na ni nzuri kwa kufanya lupango.

Mkungu njo unafanana zaidi na miti ya Ulaya: majani yake yanageuka mekundu mbele ya kuanguka. Unapenda joto la chini, kama Uvira na Kalemie. Lakini unaweza kupita mita 20 na matawi yake yanaenda mbali. Huo ni mti wa kiwanja cha shule ao cha kanisa. Eukaliptusi nayo isipandwe karibu na nyumba.

Mahali pa kupanda

Kwa Goma, parsele zilizofunikwa na lava ya mwaka 2002 ziko na udongo kidogo. Lazima kupasua jiwe, kujaza udongo na samadi, na kuchagua mti mfupi, maana mizizi isiposhuka, upepo unauangusha.

Kwa Bukavu, usipande mti mkubwa pa ukingo wa mlima uliokatwa juu ya nyumba. Majani na vichaka vilivyopandwa kwa mistari vinasaidia kushika udongo wa juu, lakini hakuna mti mmoja unaozuia mlima kuporomoka.

Umuko uwe mbali na ukuta mita 4 ao zaidi, na usiwe chini ya nyaya za umeme wala karibu na shimo la choo. Kama ni karibu na mpaka, zungumza kwanza na jirani. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, panda mwezi wa 9 mvua ikiisha kushika, na umwagilie kiangazi cha kwanza.

Kwa pepinieri, angalia chini ya sashe: mizizi iliyozunguka kama kamba, acha mche huo. Uliza jina la mti na urefu wake ukikomaa. Muuzaji asipojua, tafuta kwa kartie mti wa namna ile uliokwisha kukomaa, uupime kwa macho na nyumba yako, njo ulipe.