Mafuta ya Nazi Kichwani: Kupaka na Kuosha

Mwaka 1331 Ibn Battuta aliondoka Kilwa kwa chombo akaenda Zafar, katika Dhofar ya Omani ya leo. Huko alieleza jinsi nazi zilivyokaushwa juani, kisha zikapikwa na kutolewa mafuta ya kuwashia taa, ya chakula na ya nywele za wanawake. Nazi iliyokaushwa hivyo ndiyo tunayoiita mbata. Waswahili wana njia nyingine pia: hukuna nazi kwa mbuzi (wanafunzi wetu hapa Kampala hucheka, wakidhani tunamsema mnyama), wakachuja tui na kulichemsha mpaka mafuta yaelee juu.

Habari za kuosha ni chache mno vitabuni, ingawa maji matupu hayaondoi mafuta. Kabla sabuni ya dukani haijaenea, wanawake wa Omani waliosha nywele kwa unga wa majani ya mkunazi, ambao ukikorogwa majini hutoa povu. Waislamu wa Pwani huyajua majani hayo zaidi katika kuosha maiti. Darasani mkunazi huishia kwenye tunda lake, kunazi. Tunapendekeza majani yake yaingizwe katika somo la usafi.