Mobutu, Mjerumani na roketi ya mota za waipa

Najua nimewatupa wiki kadhaa, testi zilikuwa zimenikaba. Leo sina stori za hosteli wala za bumu kuchelewa. Nataka tuongee historia, maana kila nikionyesha wasiwasi juu ya hawa matajiri wa roketi na intaneti ya satelaiti, washikaji zangu wa sayansi wananiambia mimi ni mtu wa chaki tu, napinga maendeleo. Hoja yao ni kwamba zamani anga ilikuwa ya serikali kubwa, sasa ni ya watu binafsi, kwa hiyo na sisi Waafrika tutapata mlango.

Haya. Mlango huo uliwahi kufunguliwa, na ulikuwa hapo jirani tu, Shaba, ambako watu wanaongea Kiswahili kama sisi.

Mwaka 1975 mhandisi wa Ujerumani Magharibi, Lutz Kayser, alikuwa na kampuni ikiitwa OTRAG. Ilikuwa kampuni ya kwanza kabisa ya binafsi kujenga roketi kwa nia ya kupeleka satelaiti za wateja angani. Wazo lake, tuwe wakweli, lilikuwa na akili. Badala ya roketi moja kubwa ya gharama, unachukua mabomba membamba yanayofanana, yanatengenezwa kiwandani kwa wingi, unayafunga pamoja kama mzigo wa kuni. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza mabomba. Mafuta yake yalikuwa ya kawaida, jamii ya mafuta ya taa pamoja na asidi. Valvu zilifunguliwa na mota za waipa za gari! Ahadi ilikuwa kwamba gharama ya kurusha satelaiti itashuka mno kuliko ya Wamarekani.

Pesa zilitoka kwa mamia ya Wajerumani wenye kipato kizuri. Sheria za kodi za kwao enzi hizo zilimruhusu mtu aliyewekeza kwenye mradi wa namna hii kupunguza kodi yake. Kwa hiyo hata roketi isiporuka, yeye hajaumia sana. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Ili watu waamini, ukapatikana uso unaofahamika. Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Kennedy kule Florida wakati Wamarekani wanaenda mwezini, akawa mwenyekiti wa bodi. Mzee huyo kabla ya Marekani alifanya kazi kwenye makombora ya V-2 ya Hitler. Hilo nalo lilikuja kuwaponza baadaye.

Sasa wanarushia wapi? Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, roketi inapata msukumo wa bure. (Ndiyo sababu Waitaliano walikuwa wanarusha zao kutoka baharini karibu na Malindi tangu 1967. Ile satelaiti ya Uhuru ya 1970 iliondokea pale.) Kayser akaenda kwa Mobutu. Na Mobutu wa wakati ule alikuwa mtu wa kuuziwa ndoto: mwaka 1974 ameleta pambano la Ali na Foreman Kinshasa, halafu bei ya shaba ikaporomoka, madeni yakamfika shingoni. Akitokea mtu anasema Zaire itakuwa nchi ya anga, atakataa vipi?

Mkataba aliosaini ndio uliofanya nikae kwenye kimbweta mpaka giza likaingia. Kampuni ilipewa eneo la kilomita za mraba kama 100,000, kaskazini mashariki mwa Shaba, upande wa Manono na mto Luvua, mpaka mwaka 2000. Jamani, chukueni Rwanda na Burundi, ziunganisheni, bado hazifiki 55,000. Mkataba ulipochapishwa magazetini ikaonekana kwamba kampuni inalitumia eneo itakavyo, mtu haingii bila ruhusa yake, na wafanyakazi wake wana kinga. Mle ndani kulikuwa na vijiji, na wavuvi, na mashamba ya mihogo. Kusaini, alisaini mtu mmoja.

Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza iliruka, ya mabomba manne tu, jaribio dogo. Ikafanya vizuri. Ya pili ilifuata Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe alialikwa kuangalia. Ikapanda kidogo, ikainama, ikaangukia bondeni. Nafikiria sura za wapambe wake siku ile!

Ila msidhani kilichowaua ni aibu hiyo. Wasovieti walikuwa wameshaanza kupiga kelele kwamba Wajerumani wanatengeneza makombora ya vita katikati ya Afrika, na jina la Debus likawa ushahidi wao. Hapa lazima niseme, wapinzani nao walitia chumvi. Roketi ile ilikuwa inajazwa mafuta taratibu mahali pa wazi, ni silaha gani hiyo? Lakini vita baridi haikuuliza. Serikali za Ulaya hazikutaka ugomvi, na Mobutu alikuwa ameokolewa na majeshi ya kigeni Shaba mara mbili, 1977 na 1978. Aprili 1979 akavunja mkataba. Kampuni ikahamia Libya kwa Gaddafi, nako haikudumu, na mwaka 1987 ikafungwa. Satelaiti waliyofikisha angani: hakuna hata moja.

Washikaji wataniambia, hao walishindwa, wa leo wanaweza. Ni kweli. Roketi za Elon Musk zilianza kurudi na kutua zenyewe Desemba 2015, na mimi siwezi kubishana na kitu kinachotua. Lakini ni huyohuyo aliyesema mwaka 2017 kwamba mizigo itafika Mars 2022 na watu wataondoka 2024. 2024 imepita, na hisia za watu hazijapoa hata kidogo, ahadi mpya inafunika ya zamani. Kwangu mimi swali la roketi inaruka au hairuki ni la wahandisi. La mwanahistoria ni nani ameweka nini mezani. Mjerumani aliweka pesa ambayo angeilipa kodi. Kayser aliweka ubunifu wake. Mobutu aliweka ardhi isiyokuwa yake, na katika watatu hao hakuna aliyeishi Luvua.

Jina la Manono limerudi tena magazetini, safari hii kwa lithiamu ya betri za simu na magari ya umeme. Kampuni za nje zimekuwa zikivutana kwenye mahakama za usuluhishi kuhusu nani mwenye haki ya kuchimba. Nimesoma habari nyingi za ugomvi huo, na majina ya kampuni nimeshayakariri. Jina la mkulima hata mmoja sijakutana nalo.

Kwa hiyo naomba kitu. Waliokuwa vijana wakati ule, wengi ni wazee sasa. Kama una babu au bibi anayetokea Manono, Moba au Kalemie, au hata Kigoma ng'ambo ya ziwa aliyesikia habari hizi, muulize. Nani alipata kibarua cha kutengeneza uwanja wa ndege wa Wajerumani? Alilipwa nini? Kuna aliyehamishwa? Walipoondoka waliacha nini? Niandikieni hata mistari miwili, kwa Kiswahili cha Katanga ndiyo vizuri zaidi. Nawahi semina ya saa nane.