Steringi Hafi: Historia ya Kungojea Sehemu ya Pili

Mji wa Dar es Salaam una sheria zake zilizoandikwa, na una nyingine ambazo hazikuandikwa popote lakini zinajulikana na kila mtoto aliyekulia Magomeni, Mwananyamala, Tandika au Mtoni. Mojawapo ya hizo za pili ni hii: steringi hafi. Steringi, kwa asiyelijua neno, ni yule shujaa wa picha ambaye jina lake hutangulia katika bango. Anayesimama kinyume naye huitwa adui. Adui aweza kuwa na jeshi, mizinga na ndege. Steringi aweza kupigwa, kufungwa kamba, hata kutupwa mtoni, lakini hafi. Na kwa kuwa hafi, picha haijaisha, na kwa kuwa haijaisha, iko sehemu ya pili inayokuja.

Wasomi huicheka sheria hii kuwa ni ya kitoto. Mimi naiona kuwa ni madai. Katika desturi yetu ngano haianzi mpaka hadhira iitike: msimulizi husema Paukwa, na wasipomjibu Pakawa hana ruhusa ya kuendelea. Hadithi basi ni mali ya wawili, anayeitoa na anayeipokea. Watu wa vitongoji vya Dar es Salaam waliichukua desturi hiyo wakaipeleka mbele ya kioo cha senema, na tangu hapo hawakukubali kwamba picha ni mali ya aliyeitengeneza peke yake. Mwaka 2022, ilipokuwa ikingojewa sehemu ya pili ya Black Panther, madai hayo yalifikishwa kwenye mtihani mgumu kuliko yote. Lakini hayakuzaliwa siku hiyo, na ni vyema tuanzie yalikozaliwa.

Majumba mashuhuri ya senema ya Dar es Salaam, Empire, Avalon, Empress, Cameo na New Chox, yalijengwa katikati ya mji. Mwaka 1966 likaongezeka lile la Drive-In upande wa Msasani, mahali ambapo baadaye ulijengwa ubalozi wa Marekani. Temeke, Magomeni na Kinondoni vilikuwa vitongoji vya makaazi, na mkaazi wake aliyetaka picha alifunga safari ya kwenda mjini, kwa basi akiwa nazo na kwa miguu akiwa hana. Aliporudi alidaiwa. Wale waliokosa nauli au kiingilio walimngojea barazani awasimulie, naye alisimulia kwa mikono, kwa miguu na kwa sauti ya bunduki. Kwa hivyo wengi uswahilini waliipata picha kwanza kwa masikio, na msimulizi alikuwa na uhuru wa kuzidisha. Hapo ndipo steringi alipoanza kuwa mtu wa mtaa.

Mtihani wa mwanzo ulikuja na Bruce Lee. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, kabla Enter the Dragon haijaonyeshwa, na dunia ikamjua zaidi akiwa maiti kuliko alivyokuwa hai. Aliacha picha moja nusunusu. Mwaka 1978 waliobaki waliimaliza kwa kutumia watu waliofanana naye kwa mgongo, wakaipa jina la Game of Death, na ndani yake wakatia picha za mazishi yake ya kweli. Na kisa chenyewe ni nini? Ni mwigizaji anayejifanya amekufa ili awavizie maadui zake. Tuseme ni uchuuzi wa maiti, na kusema hivyo si kukosea. Lakini wachuuzi walijua wanamuuzia nani: walimuuzia mtazamaji aliyekwisha kuamua kwamba steringi hafi, wakayageuza mazishi ya haki kuwa hila ya shujaa.

Mtihani wa pili ulikuwa na rehema zaidi. Picha za Kihindi zilipendwa pwani yote, na hizo, tukiri, hazikuiheshimu sheria yetu sana: Amitabh Bachchan alikufa katika Deewaar na akafa tena katika Sholay, zote za mwaka 1975. Watu walilia, kisha wakaenda kumtazama katika picha nyingine akiwa mzima. Mwezi wa Julai 1982, wakati wa kupigwa picha ya Coolie mjini Bangalore, aliumia vibaya tumboni katika pigano la kuigiza, akawa baina ya uhai na mauti, na India nzima ikamwombea dua. Katika maandiko ya awali ya Coolie steringi alikuwa afe. Manmohan Desai, aliyeiongoza, alibadili mwisho: mtu aliyenusurika mbele ya macho ya taifa hawezi kuuawa kwenye kioo. Picha ilitoka mwaka 1983, na pale alipoumia inasimama kidogo ili mtazamaji aoneshwe kwamba ndipo hapo. Hadhira iliitika, na msimulizi akasikia.

Mambo yakabadilika ilipofika video. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, ila Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, na katika pengo hilo mikanda ya video ilikuta uwanja mtupu. Kibanda cha mabati au makuti, benchi za mbao, televisheni moja na deki moja: senema ikahamia Manzese, Tandale, Temeke na Mbagala. Sasa haikuhitajika safari. Hapo ndipo alipoingia Rambo, na kisa chake nakileta kwa sababu kinafundisha. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 Rambo anakufa. Katika picha ya mwaka 1982 pia alipigwa picha akifa. Lakini watazamaji wa majaribio huko Marekani walichukia mwisho ule, ukaondolewa, Rambo akabaki hai, na mwaka 1985 ikaja sehemu ya pili. Kwa hiyo sheria ya Tandale ilikuwa pia sheria ya wanadamu wengine. Tofauti ni kwamba Mmarekani aliulizwa kabla, na mtu wa Tandale hakuulizwa.

Asipoulizwa, mtu hujibu kwa namna yake. Jibu la vibanda lilikuwa mtafsiri. Aliyejulikana kuliko wote Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya ilimpata DJ Afro, na Uganda ikawapata ma-VJ wake, kama vile VJ Jingo. Lufufu alitia sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti ya picha, na kaseti zake zikauzwa na kukodishwa mitaani. Mimi niliyejifunza kufasiri mashairi peke yangu, kwa kamusi na kwa makosa, huiona kazi hiyo kwa jicho la mtu wa fani. Mfasiri wa kitabu hujificha nyuma ya mwandishi. Mtafsiri wa kibandani husimama mbele yake: hueleza, huonya, humkejeli adui, huwatajia watu yanayokuja na kuwakumbusha yaliyopita katika sehemu ya kwanza. Ni yule yule msimulizi wa barazani aliyerudi kutoka mjini, ila safari hii amepewa kipaza sauti. Mbele ya sheria, kazi yake haikuwa na kibali. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 haimtambui mtu wa namna hiyo. Mbele ya hadhira ndiye aliyekuwa na kibali pekee kilichohitajika, kwani waliitika.

Kisha mji ukapata masteringi wake wenyewe. Filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Dar es Salaam ziliuzwa aghalabu kwa vipande viwili: sehemu ya kwanza ilikatwa penye fundo, na mnunuzi akalazimika kurudi dukani. Walanguzi walifanya hivyo kwa faida, lakini mitaa iliutumia muda wa kungojea kwa kubashiri na kubishana. Tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, wakati huo ikiwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni, akiwa na umri wa miaka 28. Aliagwa katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, na maelfu ya watu, akazikwa makaburi ya Kinondoni. Ziko filamu zake zilizoingia sokoni baada ya kuzikwa. Kwa mara ya kwanza watu wa kitongoji walimzika steringi kwa mikono yao, kisha wakarudi nyumbani kumtazama akicheka.

Basi waliokuwa na kumbukumbu hizo ndio walioipokea habari ya Chadwick Boseman. Black Panther ilitoka Februari 2018, na Afrika Mashariki iliidai kuwa na sehemu yake ndani: Lupita Nyong'o ni Mkenya, na Kisumu ilipata onyesho la uzinduzi; Florence Kasumba alizaliwa Kampala; Daniel Kaluuya ana wazazi wa Uganda. Lugha ya ufalme wa Wakanda ilikuwa Kixhosa, wala si Kiswahili, lakini mfalme mweusi asiyeshindwa alitosha. Tarehe 28 Agosti 2020 Boseman akafariki kwa saratani ya utumbo mkubwa, mwenye miaka 43. Desemba mwaka huo watengenezaji walitangaza kwamba T'Challa hatachezwa na mtu mwingine. Mashabiki duniani wakagawanyika. Wengine walisema kumweka mtu mwingine ni kumkosea marehemu. Wengine walijibu kwamba aliyekufa ni mwigizaji. Mfalme ana kosa gani hata naye auawe? Tangazo la picha la Julai 2022 likaishia kwa mtu aliyevaa vazi la chui, uso haukuonyeshwa, na dunia nzima ikaanza kukisia: ni dada yake, ni mpenziwe, ni nani?

Swali la kundi la pili ni steringi hafi, ingawa waliouliza hawakujua Kiswahili. Na jibu lililokuja Novemba 2022 lingeeleweka Temeke bila ya mtafsiri. Mfalme anakufa mwanzoni kwa maradhi, vazi analichukua dada, lakini mwishoni anatokea mtoto aliyefichwa Haiti, na jina lake la siri ni T'Challa. Mtu amekufa, jina limerithiwa. Sisi tunaompa mjukuu jina la babu tunalijua jibu hilo. Halimrudishi marehemu, wala halimwachi aende kabisa.

Mabishano hayajaisha. Julai 2024 ilitangazwa kwamba Robert Downey Jr., ambaye steringi wake alikufa katika Avengers: Endgame ya mwaka 2019, atarudi katika sehemu nyingine, safari hii akiwa adui. Sheria inapinduliwa: aliyekufa anarudi, ila si yeye.

Nayasema haya si kwa kuzisifu picha za kigeni. Nayasema kwa sababu historia ya watazamaji ni historia ya fikra, nayo kwetu inapotea. Kitabu cha Matthias Krings cha mwaka 2015, kinachomtaja Lufufu kwa urefu, na kile cha Laura Fair cha mwaka 2018 juu ya majumba ya senema ya Tanzania, vimeandikwa kwa Kiingereza na watu wa mbali, na tuwashukuru. Lakini kaseti huoza kwa unyevu wa pwani, na majibizano ya kwenye mabenchi hayakurekodiwa kamwe. Waliokaa juu yake wapo bado, wengi wana mvi, na wanakumbuka waliposhangilia na walipogoma kukubali. Anayetaka kuiandika historia yao hana haja ya kwenda mbali. Aende Tandika au Mwananyamala na daftari, aseme Paukwa, kisha anyamaze asikilize.