Mkamuo, si Ukataji wa Uzito wa Maji

Kijitabu nilicholetewa mwezi uliopita kinawafundisha makocha namna ya kuwaandaa vijana kwa mashindano ya kunyanyua vyuma, yale ya mitindo mitatu yaitwayo pawalifti: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma ukiwa umelala kwenye benchi, na kukiinua kutoka sakafuni. Nilikisoma kwa furaha mpaka nilipokutana na "ukataji wa uzito wa maji". Maneno matano, na hakuna hata moja lililokaa mahali pake.

Jambo lenyewe msomaji analijua. Mtu ana kilo 76, anataka daraja la kilo 74, zimebaki siku tano. Mafuta hayaondoki kwa siku tano. Kinachoondoka ni maji. Sasa muulize mtoto wa darasa la tano uzito wa maji ni nini. Atakuambia lita moja ni kilo moja, na amepata. Hiyo ndiyo maana ya maneno hayo kwa Kiswahili, na uzito huo hakuna awezaye kuupunguza. Mwili ndio unaopungua uzito, kwa sababu umepungukiwa maji. Na "kukata"? Kwetu kukata kunataka kisu au panga, ama kitu kinachokoma ghafla, kama kukata kiu, kukata tamaa, kukata roho. Mtaani, ukisema fulani alikesha anakata maji, kila mtu anajua alikuwa baa. Waliokaa kwenye meza ya kamati na kulipitisha neno hili bila shaka wanaishi mitaa hiihii. Tena -aji huita kazi ya kurudiarudia: ukataji miti, ufugaji kuku. Hapa tuna tukio moja lenye mwanzo na mwisho wake.

Kuna mwandishi mwenzangu, amewahi kunijibu gazetini bila kunitaja jina, anayependekeza "kujikausha". Ni afadhali kidogo, lakini anayejikausha katika Kiswahili cha leo ni yule anayeitwa akajifanya hasikii. Zaidi ya hapo, kilichokaushwa hakirudi. Ng'onda hata umloweke usiku kucha hawi samaki mbichi. Mnyanyuaji sharti arudi, tena upesi: kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Pawalifti, upimaji uzito huanza muda wa saa mbili kabla ya kundi lake kuanza kunyanyua. Katika muda huo anywe, ale chumvi na wanga, kisha asimame chini ya chuma.

Neno langu ni mkamuo, na sikulitunga mezani. Nilikuwa kwenye jimu moja ya mabati huku Temeke. Kijana mmoja, amekimbia saa nzima ndani ya koti la mvua, alivua fulana aliyoivaa chini ya koti, akaishika ncha mbili na kuisokota. Maji yalidondoka kwenye saruji kama mtu amepindua kikombe. Akapanda mizani: 74.6. Midomo ilikuwa imempasuka, na kila baada ya muda alitema mate ndani ya chupa. "Bado najikamua, mzee," akaniambia. Nililiandika pale pale.

Tulitazame shina lake. Kitenzi ni kama, cha kale na kingali hai: mfugaji hukama ng'ombe. Ukikipa -ta ya kushikana, ileile inayotoa fumbata katika fumba, unapata kamata. Mkono unaobana umo ndani ya shina. Ukikipa -ua, unapata kamua, na hapa ndipo walimu wetu wengi hupita haraka. Tumezoea kwamba -ua hupindua maana: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Kamua haipindui kama. Inauendeleza ule ubanaji mpaka kilichomo kitoke, sawa na songoa inavyouendeleza ubanaji wa songa. Na katika kujikakamua nalisikia shina hilohilo likijirudia, yaani nguvu juu ya nguvu. Lugha imetuwekea jozi tayari: mtu hujikamua Ijumaa, akajikakamua jukwaani Jumamosi. Kuhusu umbo la nomino, pasua imetupa mpasuo, na fungua imetupa mfunguo, ambao wazee wa pwani waliuhesabia miezi baada ya Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili. Kamua imetupa mkamuo, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Nililifikisha neno hili kwenye kikao cha kamati hiyo. Mjumbe mmoja akasema kukamua ni kwa ng'ombe, wenzake wakacheka, ajenda ikafungwa. Iliniuma, na bado inaniuma. Kwani machungwa hayakamuliwi? Alizeti, jipu, nguo? Chukueni nazi. Mpishi huikuna na kuimiminia maji kwanza, ndipo akamue tui. Mnyanyuaji hufanya vivyo hivyo: siku za mwanzo hunywa maji mengi kupita kawaida, kisha huyapunguza ghafla, na figo huendelea kuyatoa kwa muda kana kwamba bado anakunywa. Hupunguza pia wanga, kwa kuwa kila gramu moja ya wanga uliohifadhiwa kwenye misuli hushika takriban gramu tatu za maji. Maji hayo hayamwagwi kama ya kwenye ndoo. Yamejificha ndani ya nyama kama tui lilivyojificha ndani ya nazi, na hayatoki bila kubanwa.

Kubanwa huko kunaumiza, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kutolegeza. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa, mmoja baada ya mwingine, wakijitoa maji ili watimize uzito. Mwaka 2015 mpiganaji wa China, Yang Jian Bing, akiwa na miaka 21, alikufa Manila kabla hajapanda ulingoni, kwa sababu hiyohiyo. Kocha anayesoma "ukataji" anafikiria kinyozi. Anayesoma "mkamuo" anaona mikono miwili na kitu kinachosokotwa katikati.

Matumizi: mkamuo, wingi mikamuo, "mkamuo wa kilo mbili", "amejikamua", "amekamuliwa na kocha wake", pale kijana hakupenda. Neno "kushusha uzito" libaki kwa wanaopunguza mafuta kwa miezi, kama mabondia wanavyolitumia. Kijitabu kinasema toleo la pili linakuja. Barua yangu waandishi wake wanayo tangu Machi, kurasa tatu, na nimeweka namba ya simu.