Gharama za Kuondoa Asbesto Majumbani: Kisa cha Canberra, 1968–2015

Mwezi Februari 2014 kaya zipatazo elfu moja za jiji la Canberra, mji mkuu wa Australia, zilipokea barua kutoka kwa mamlaka ya usalama kazini ya eneo hilo. Barua iliwakumbusha wenye nyumba kwamba juu ya dari zao kuliwahi kumwagwa asbesto iliyosagwa, kwamba asbesto hiyo iliondolewa na serikali miaka ya nyuma, na kwamba huenda mabaki yake yangalimo ndani ya nyumba. Kwa baadhi yao neno “iliwakumbusha” halifai hata kidogo. Walikuwa wamenunua nyumba hizo bila kuambiwa lolote, wakatoboa kuta, wakabadilisha majiko, wakalea watoto humo.

Kisa hiki kinafaa kuchunguzwa kwa sababu kinahusu kazi ambayo tayari ilikuwa imefanywa na wataalamu, ikalipiwa na umma na kuthibitishwa kwa cheti. Mijadala ya gharama za kuondoa asbesto majumbani huanzia kwenye bei: fundi anadai kiasi gani, taka zinazikwa wapi na kwa malipo gani. Historia ya Canberra inaonesha kwamba bei hutegemea swali lililotangulia, yaani nini kinahesabiwa kuwa kimeondolewa.

Asbesto inayojulikana zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni ile ya mabati ya paa, ambamo nyuzi zimeshikwa na saruji. Bati la namna hiyo likiwa zima hutoa nyuzi chache. Hatari huongezeka linapokatwa, linapovunjwa au linapochakaa. Asbesto ya Canberra ilikuwa ya aina nyingine. Kuanzia mwaka 1968 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, mfanyabiashara Dirk Jansen na kampuni yake walipuliza asbesto ghafi kwenye nafasi iliyo kati ya dari na paa, ili kuzuia baridi ya majira ya kipupwe na joto la kiangazi. Sehemu kubwa ilikuwa amosaiti, asbesto ya kahawia ambayo jina lake lenyewe limetokana na machimbo ya Afrika Kusini. Haikuchanganywa na saruji wala gundi. Ilikaa juu ya dari kama pamba iliyochambuliwa, na kwa wepesi wake huo biashara ile ikaja kupewa lakabu ya “Mr Fluffy”.

Serikali haikuwa gizani. Mwaka uleule wa 1968 mtaalamu wa afya kazini katika idara ya afya ya Serikali ya Shirikisho aliandika kwamba kampuni hiyo ishawishiwe, au hata izuiwe, isitumie asbesto majumbani. Ushauri huo haukufuatwa, na upulizaji ukaendelea kwa takriban muongo mzima. Ikumbukwe kwamba wakati huo Canberra haikuwa na serikali yake ya ndani. Jiji liliongozwa moja kwa moja na Serikali ya Shirikisho. Jambo hili lilikuja kuwa na uzito mkubwa ilipofika zamu ya kulipa.

Hatua ya kwanza ya uondoaji ilianza mwaka 1988. Makumi ya maelfu ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1980 zilikaguliwa, na zaidi ya 1,000 zikabainika kuwa na asbesto ya kupulizwa. Kazi iliyofuata haikuwa ya mzaha. Nyufa za dari zilizibwa ili nyuzi zisidondoke vyumbani, nyumba ikafunikwa, mafundi wakaingia darini wakiwa na mavazi ya kinga na vifaa vya kupumulia, wakafyonza asbesto kwa mashine na kuokota iliyobaki kwa mkono. Hatimaye mbao na kuta za ndani ya paa zilipuliziwa gundi ili nyuzi zisizoonekana zigande mahali zilipo. Kazi ilipokamilika mwaka 1993, gharama zilikuwa zimefikia takriban dola milioni 100 za Australia. Zikigawanywa kwa idadi ya nyumba, ni karibu dola 100,000 kwa kila moja, ukaguzi wa jiji zima ukiwa umejumuishwa.

Katikati ya kazi hiyo, Mei 1989, Canberra ilipata serikali yake ya ndani. Serikali hiyo changa ilirithi dari ambazo haikuzipuliza na onyo ambalo haikulipuuza. Makubaliano yalifikiwa kwamba Serikali ya Shirikisho ibebe sehemu kubwa ya gharama na serikali ya eneo ibebe iliyobaki. Mwenye nyumba hakudaiwa gharama ya kazi, na kazi ilipokwisha alikabidhiwa cheti.

Cheti hicho ndicho waraka muhimu kuliko yote katika historia hii. Kilithibitisha kwamba kazi ya kuondoa asbesto imekamilika. Gundi iliyopulizwa, hata hivyo, ni ushahidi kwamba waliopanga kazi walijua kuna nyuzi zitakazobaki. Mtu hagandishi kitu kisichokuwapo. Kilichoondolewa ni asbesto inayoonekana na inayofikika. Nafasi zilizo wazi ndani ya kuta za matofali, ambazo katika nyumba nyingi za Canberra hufunguka juu kuelekea darini, hazikuwa sehemu ya kazi. Msomaji wa kawaida asingeweza kuliona hilo kwenye cheti. Kadiri nyumba zilivyobadilisha mikono, cheti kilizikwa kwenye majalada, na tahadhari iliyopaswa kuambatana nacho ikapotea pamoja nacho.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya nyumba moja katika kitongoji cha Downer, ambayo ilirukwa na ukaguzi wa awali. Ilipogunduliwa iliamuliwa ibomolewe hatua kwa hatua huku ikichunguzwa. Uchunguzi wa mwaka 2013 ulionesha kwamba nyuzi zilikuwa zimesafiri kupitia kuta hadi chini ya sakafu. Inaweza kudaiwa kwamba nyumba ambayo haikusafishwa si kipimo cha zile zilizosafishwa. Lakini njia zilizotumiwa na nyuzi zilikuwepo katika nyumba zote, na usafishaji haukuzigusa. Ukaguzi uliofanyika mwaka 2014 baada ya ile barua uliondoa shaka: nyuzi zilikutwa katika makabati na kwenye mifereji ya kupasha joto ya nyumba zenye vyeti.

Baadhi ya familia zilitakiwa kuondoka mara moja. Mazulia, magodoro, nguo na midoli ya watoto havikuweza kusafishwa vya kuaminika, vikaachwa. Serikali ilitoa msaada wa dharura wa dola 10,000 kwa kaya na dola 2,000 kwa kila mtoto. Nyumba, ambayo kwa wengi ndiyo akiba ya maisha, ilikuwa haiuziki tena.

Mapendekezo ya kusafisha upya yalitafakariwa na kukataliwa. Ili kuzifikia nyuzi zilizomo ukutani ingebidi kuta zifumuliwe, na nyumba iliyofumuliwa kuta haina tofauti kubwa na iliyobomolewa. Tarehe 28 Oktoba 2014 Waziri Kiongozi wa eneo hilo, Katy Gallagher, alitangaza kwamba serikali itazinunua nyumba zote kwa bei ya soko ya siku hiyo, kana kwamba hazina asbesto, kisha izibomoe. Fedha zilitokana na mkopo wa masharti nafuu wa hadi dola bilioni 1 kutoka Serikali ya Shirikisho. Tofauti ya neno inastahili kuzingatiwa: mwaka 1993 Serikali ya Shirikisho ilichangia, mwaka 2014 ilikopesha. Hata baada ya kutoa fedha zitakazopatikana kwa kuuza viwanja, pengo lililokadiriwa halikupungua dola milioni 300, nalo liliangukia serikali ambayo mwaka 1968 haikuwepo.

Utekelezaji ulirahisishwa na mfumo wa ardhi. Canberra, kama ilivyo kwa hati za miaka 99 nchini Tanzania, mkazi humiliki haki ya kutumia kiwanja kwa muda huo, si ardhi yenyewe. Mwenye nyumba alirudisha hati, serikali ikalipa, nyumba ikasafishwa ndani, ikabomolewa, na udongo wa juu ukachotwa na kupimwa kabla ya kiwanja kuuzwa tena. Tofauti na bomoabomoa ambayo neno lake limezoeleka Dar es Salaam, hapa fidia ilitangulia tingatinga. Wakazi walipewa pia haki ya kwanza ya kununua viwanja vyao vya zamani. Haki hiyo ilikuwa nzuri kwenye karatasi tu kwa wengi wao. Fidia ilipimwa kwa bei ya Oktoba 2014, ilhali kiwanja kiliuzwa kwa bei ya soko ya siku kilipokuwa tayari, na kanuni mpya ziliruhusu baadhi ya viwanja kujengwa nyumba mbili, jambo lililovipandisha thamani. Mstaafu aliyekuwa amemaliza deni la benki angehitaji kukopa tena ili ajenge mahali palepale. Gharama hii haimo katika hesabu yoyote ya milioni 300.

Gharama za kiafya nazo zina kalenda yake. Mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta nyuzi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia ulibaini kwamba kiwango cha ugonjwa huo miongoni mwa wanaume waliowahi kuishi katika nyumba hizo kilikuwa takriban mara mbili na nusu ya kile cha wanaume wengine wa eneo hilo. Mwezi Julai 2015 serikali ilichapisha hadharani orodha ya anwani zilizohusika, miaka 22 baada ya usafishaji wa kwanza kukamilika. Miongoni mwa walioweza kuisoma walikuwamo wapangaji wa zamani, mafundi umeme na mafundi bomba, ambao barua ya Februari 2014 haikuwa na namna ya kuwafikia.