Kaseti za Video za Kitambo Zinaoza: Hivi Ndivyo Unazigeuza Kuwa Faili Kabla Sauti ya Guka Ipotee

Kama mlikuwa na TV hao miaka ya 90, kuna uwezekano kuna katoni mahali, chini ya kitanda cha mathe ama juu ya kabati ushago, imejaa kaseti za VHS. Harusi ya wazazi, ruracio ya auntie, matanga, wewe ukijimwagia uji ukiwa na miaka miwili. Kwa familia nyingi, hapo ndio mahali pekee sauti ya guka bado iko. Noma ni kwamba kaseti haingoji mtu.

Picha na sauti zimeshikwa na unga wa sumaku uliogandishwa kwa utepe wa plastiki. Joto na unyevu hula ile gundi, na sumaku nayo inafifia pole pole. Lakini mashine ndio zinaisha mbio zaidi. JVC ilitoa VHS Japani mwaka wa 1976. Funai, kampuni ya mwisho iliyokuwa bado inaunda VCR, iliacha 2016. Kwa hivyo kila VCR utakayopata leo ni ya kitambo, na spea zake zinatolewa kwa mashine zingine zilizokufa.

Bado unaweza kuziokoa, na kazi nyingi unaweza kujifanyia mwenyewe. Cheki hivi.

1. Jua una kaseti gani

Ile kubwa kama kitabu ni VHS. Kuna VHS-C, ndogo, ambayo inaingia kwa VCR ya kawaida ukiiweka ndani ya kaseti-kava yake. Video8 na Hi8 zinakaribia kaseti ya redio kwa saizi, na zinahitaji kamera yake ndio zicheze. MiniDV ndio ndogo kabisa. Hiyo tayari ni dijitali, inatolewa kwa waya wa FireWire kutoka kwa kamera hadi kwa kompyuta ya zamani yenye hiyo tundu.

2. Kagua kabla ya kucheza

Angalia kupitia kidirisha cha kaseti. Ukiona vumbi jeupe kwa utepe, hiyo ni kuvu, na Pwani kwenye unyevu mwingi ni kawaida sana. Usiicheze. Itachafua kichwa cha mashine na kuambukiza kaseti zingine. Itenge, upelekee fundi anayejua kusafisha.

Kama iko fiti, vunja kile kijiplastiki kidogo mgongoni mwa kaseti. Kikitoka, mashine haiwezi kurekodi juu ya harusi ya mathe hata ukibonyeza mahali si pake. Halafu ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja, ndio utepe uliokaa miaka ukiwa umeshikana uachane.

Utepe ukikatika, usiguse selotepu ya kawaida. Gundi yake inaharibu kichwa cha mashine.

3. Tafuta VCR na uijaribu

Ulizia kwa mtaa kwanza. Kuna mzee ana moja imefunikwa kitambaa sebuleni. Ikikosa, jaribu mafundi wa Luthuli Avenue, Nairobi. Usianze na kaseti ya maana. Jaribu na filamu yoyote usiyoijali, kwa sababu VCR mbovu inatafuna utepe. Picha ikiwa na mistari chini, cheza na kibonyezo cha tracking kwanza kabla ya kulaumu kaseti.

4. Unganisha

Unahitaji kile kidude cha USB cha kunasa video, wengi hukiita EasyCap. Nyaya ni tatu: njano ni ya picha, nyeupe na nyekundu ni za sauti. Zichomeke upande wa OUT wa VCR, si IN. Hapo ndio wasee wengi hukwama saa nzima.

Kwa programu, chagua PAL, mfumo tuliokuwa tunatumia Kenya: picha 25 kwa sekunde, saizi 720 kwa 576. Kaseti iliyotumwa na uncle kutoka Marekani itakuwa NTSC, na hiyo inahitaji VCR inayosoma mifumo yote miwili. Ukikosea hapa, picha inakuja nyeusi na nyeupe ama inaruka ruka.

5. Rekodi

OBS Studio ni ya bure na inatosha. Weka irekodi kwa MKV, si MP4. Stima ikipotea katikati, faili ya MP4 huwa inaharibika yote, lakini MKV inabaki na kila kitu hadi pale ilipofika. Ukimaliza, OBS yenyewe itaibadilisha iwe MP4.

Hakuna njia ya mkato: kaseti ya saa tatu inachukua saa tatu. Rekodi dakika tano kwanza, usimamishe, uskize kama sauti imeingia. Ukitumia megabiti 6 kwa sekunde, saa moja inakula karibu GB 2.7. Flashi ikikataa faili inayozidi GB 4, shida ni fomati yake ya FAT32. Ibadilishe iwe exFAT, lakini toa vitu vyako kwanza, inafuta zote.

Usitarajie picha kama ya simu yako. VHS ina karibu mistari 240 ya upana, basi. Ukitaka kuisafisha na programu, safisha nakala. Ile ya kwanza usiiguse.

6. Ukimpa mtu akufanyie

Mpe kaseti moja kwanza uone kazi. Muambie unataka faili yenyewe kwa flashi, si DVD pekee, na kaseti zirudi zote. Hesabu mkiwa wawili kabla uondoke.

7. Hifadhi

Weka nakala tatu: moja kwa laptopu, moja kwa diski ya nje, moja mbali na hao, kwa wingu la intaneti ama kwa cousin. Ukirusha kwa grupu ya familia ya WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo inabanwa hadi nyuso zinapotea. Na kaseti usitupe. Ziweke wima mahali pakavu, mbali na jua na spika.

8. Majina

Hii ndio wengi huruka, na ndio haina fundi. Faili inayoitwa "video 1" itakuwa haina maana kwa watoto wako. Yule mama wa kilemba cha kijani ni nani? Nani anaomba hapo mbele? Hiyo boma bado iko?

Kama uko na kaseti kumi na wikendi moja, anza na ile yenye wazee wengi. Cheza faili, kaa na shosh, mwachilie aongee, na uandike majina na mwaka. Kichwa cha VCR kinaweza kutengenezwa. Anayejua hayo majina hana spea.