Mashine ya Shule na Watoto wa Baraka

Wengi hudhani kumfungia mtoto michezo kwenye kompyuta ya shule ni mambo ya Marekani, tena ya juzi. Mimi nafundisha kompyuta hapa Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo, tangu miaka ile tuliporudi kutoka Tanzania, na nasema mambo hayo tuliyajua zamani. Ila sisi hatukuhitaji programu ya kufungia. Mafuta ya jenereta yakiisha, michezo imefungwa, masomo nayo yamefungwa, na barua ya padri ambayo haijahifadhiwa imepotea.

Kompyuta tuliijua kabla ya kuigusa. Vita vya 1996 na vile vya 1998 vilipotutoa Fizi, wengi tulivuka ziwa mpaka Kigoma, na kutoka hapo mpaka kambi ya Lugufu iliyofunguliwa mwaka 1997. Masomo kambini yalifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, na mwalimu wetu wa kompyuta hakuwa na kompyuta. Alichora ubaoni: hii skrini, hii klavye, huyu hapa panya. Tulinakili mchoro daftarini, tukaulizwa kwenye mtihani. Mchezo wa kwanza niliouona ulikuwa kwenye simu ya mfanyabiashara mmoja: nyoka wa Nokia, aliyetengenezwa na Mfini Taneli Armanto kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997. Tulipanga foleni kumwona. Mkimbizi wakati ule hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na nyoka naye alizunguka ndani ya kioo chake, akigonga ukuta amekufa. Tulicheka tu, hatukulinganisha.

Mwaka 2005 UNHCR ilianza kuturudisha, na meli MV Mwongozo ikawa inashusha watu Baraka pamoja na magunia, masufuria na mabati. Baadhi ya waliorudi walikuwa wamejifunza kupiga chapa. Wakafungua vibanda vya kuandikia barua, miradi na vitambulisho vya mikutano, kompyuta moja, printa moja, jenereta nje mlangoni. Mteja alilipa kwa ukurasa. Kati ya mteja na mteja, opereta alicheza karata za Solitaire, na sisi vijana tulisimama nyuma yake tukimwonyesha pa kuweka malkia wa kopa.

Mchezo huo una historia ya kuchekesha. Uliandikwa mwaka 1988 na Wes Cherry, kijana aliyekuwa Microsoft kwa mafunzo ya kazi, ukatoka pamoja na Windows 3.0 mwaka 1990. Hakulipwa kitu kwa mamilioni ya nakala zilizosambaa. Ndani yake alikuwa ameweka kitufe cha siri: bosi akiingia, unakibonyeza, karata zinafunikwa na jedwali la hesabu. Microsoft ilimwamuru akiondoe. Kumbe kujificha kucheza kulizaliwa siku moja na mchezo wenyewe, na mtoto wa leo anayefunga dirisha haraka mwalimu akipita hakubuni jipya. Kwenye Windows ya Kifaransa kulikuwa pia na Démineur, mchezo wa kutegua mabomu ya ardhini. Mzee mmoja wa kwetu, aliyeingia porini na waasi wa Simba mwaka 1964, aliutazama begani kwa mpwa wake, akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayecheza na kitu hicho. Hakujibiwa.

Shule yetu ilipopata mashine zake za kwanza, zilikaa ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, zikiwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma, kama wageni waliolala. Ufunguo ulikuwa kwake. Amri ilikuwa kwamba michezo yote ifutwe, nami nikaifuta. Baada ya muda ikarudi, mtoto mmoja kaileta kwenye flashi, mwingine kaichukua kwa binamu Uvira. Sikukasirika sana. Wale waliojua kurudisha mchezo ndio waliojua kunakili faili, kutafuta folda, kuokoa flashi yenye virusi. Nikiwa na printa iliyogoma, niliwaita hao hao.

Halafu mtandao ukaingia kwenye simu, na neno tulilolisikia mchana kutwa likawa mega, yaani kifurushi cha intaneti. Mega za usiku, mega za wiki, mega zilizoliwa na kitu ambacho hukukifungua. Hata karata zikaanza kuzila: Windows 8 ya mwaka 2012 iliziondoa, Windows 10 ikazirudisha zikiwa na matangazo ya biashara. Mchezo uliokuwa hauombi chochote ukawa unaomba intaneti. Na intaneti yenyewe haikuwa yetu. Baada ya kura ya tarehe 30 Desemba 2018, serikali ya Kinshasa iliikata nchi nzima kwa takriban siku 20. Ukitaka kuona mashine iliyofungwa, hiyo ilikuwa nchi iliyofungwa.

Hapo ndipo wanafunzi wangu walipomzoea dinosauri. Tangu 2014, kivinjari cha Chrome kikikosa mtandao huonyesha dinosauri mdogo. Ukigusa kitufe cha nafasi anaanza kukimbia na kuruka miiba ya jangwani. Waliomtengeneza pale Google walikuwa wanatania kwamba kukosa mtandao ni kurudi enzi za kale. Kwao ulikuwa utani. Kwetu ulikuwa mchezo kamili, usiolipiwa, na kadiri mtandao ulivyokuwa mbovu ndivyo ulivyopatikana zaidi. Sijui mchezo mwingine wa Wazungu uliotufaa hivyo.

Sasa niwageukie ndugu zetu wa ng'ambo, maana historia hii ina tawi kubwa kule. Wengi wa Fizi waliobaki kambi ya Nyarugusu, Tanzania, walichukuliwa Marekani. Mwaka wa bajeti 2016 peke yake Wakongo zaidi ya 16,000 walipokelewa huko kama wakimbizi, kuliko taifa lingine lolote. Watoto wao wakapewa na shule Chromebook, kompyuta ndogo za mfumo wa Google, na gonjwa la korona la 2020 lilipofunga madarasa, mashine hizo zikaingia vyumbani. Mtoto wa dada yangu hunitumia sauti kwenye WhatsApp: "Mjomba, wamefunga tena." Amefungiwa mchezo, si shule.

Chanzo cha kufunga huko ni sheria ya Marekani ya Desemba 2000 inayozitaka shule zinazopata ruzuku ya mtandao kuweka chujio dhidi ya picha chafu. Sheria haikutaja michezo. Shule ziliiongeza zenyewe, kwa kuwa chujio lilikuwepo tayari. Watoto nao wakatafuta mianya. Tovuti ya Cool Math Games, iliyoanza 1997, ilipita vichujio vingi kwa sababu jina lake lina hesabu. Wengine wakapandisha michezo kwenye kurasa za Google Sites, wakijua shule haiwezi kuifunga Google nzima huku masomo yenyewe yakiwa humo. Mwisho wa 2020 Adobe ikaacha Flash, maelfu ya michezo ya zamani ikafa ndani ya siku chache, watoto wakahamia kwenye mingine kabla walimu hawajafurahi. Hata yule dinosauri hakupona: wasimamizi walilalamika, Google ikawapa uwezo wa kumzima. Kwenye mashine iliyofungwa hivyo, ukitaka kucheza unaonyeshwa kimondo kinamshukia. Mpwa wangu alinipigia picha. Kwangu hiyo ni dhuluma ndogo, lakini ni dhuluma: mchezo usiokula mtandao, usio na mgeni mbaya ndani yake, unamzuia nani kusoma?

Kambini nako hali si tofauti sana. Mradi wa Vodafone Foundation na UNHCR ulioanzia kambi ya Dadaab, Kenya, mwaka 2013 ulifika mpaka Nyarugusu, na tableti za darasani zilizopangiwa masomo ya kutumia. Ni jambo jema. Ila umri wa mtoto na hamu yake ya kucheza ni ileile, Dadaab au Dallas.

Yanayonihusu zaidi kwa sasa ni haya. Ndugu wa Marekani wameanza kutuletea Chromebook zilizokwisha muda shuleni. Zinafika kwa begi la mgeni, tunashangilia, tunawasha, na kioo kinadai jina na neno la siri la shule ya mbali ambayo hapa Baraka hakuna anayeijua. Kuifuta yote na kuanza upya hakusaidii. Mashine imeandikishwa kwenye orodha ya shule ile kwa namba yake ya kiwandani, na kila ikianza upya inataka mtandao iulize kwa mwenyewe. Hakuna Solitaire humo, hakuna dinosauri, hakuna hata pa kuandika barua. Ninazo kabatini, nzima, zenye betri nzuri, hazina kazi.

Kwa hiyo dada, kaka, shangazi mlioko Marekani: kabla hujanunua au kupokea Chromebook ya shule, mwombe msimamizi aitoe kwanza kwenye orodha yao. Kwake ni kazi ya dakika chache. Iwashe wewe mwenyewe huko, hakikisha unaweza kuingia kwa akaunti yako, angalia pia tarehe ambayo Google itaacha kuipa masasisho. Kisha ipakie. Na mkiwa mnaulizana nini cha kuongeza ndani ya begi, ongezeni flashi yenye michezo isiyohitaji mtandao. Prefe nitazungumza naye mimi.